Kompyuta Nane na Ubani wa Kadidja

Kama gazeti la juma lililopita ulifungia sabuni kabla ya kulisoma, usijali. Nitakurudisha njiani kwa maneno machache.

Mimi ni Radjabu Ntirampeba, wa Nyamugari, Gitega. Nauza mabalo, yaani marobota, ya nguo za mitumba. Shule niliiacha darasa la tano, na sijawahi kurudi hata kuomba maji.

Mtoto wangu wa kwanza, Riziki, ndiye aliyesoma kwa niaba yetu sote. Anatunza ghala kwenye maabara moja ya utafiti wa magonjwa ya muhogo, huko Mwakiro, mkoa wa Muyinga. Mwezi wa saba ghala hilo liliungua. Ndani mlikuwa na kompyuta nane mpya, zile kubwa za kazi nzito, za kusomea picha za majani na hesabu za wataalamu. Ikaandikwa kwamba zote zimeteketea.

Riziki akaambiwa: kompyuta nyingine zisipofika kabla ya mvua, atafute kazi kwingine.

Tangazo la zabuni likatoka. Nikaomba, nikapata. Lakini kwanza nilisaini karatasi inayosema, kwa heshima yangu, kwamba sina mke, ndugu wala mtoto katika maabara ile. Niliisaini bila kutetemeka. Nchi hii jina halisemi baba yako ni nani. Mimi ni Ntirampeba, Riziki ni Kaneza. Nani angejua?

Kisha nikanunua mashine nane kwa Barnabé, Mkongomani wa Uvira mwenye stoo nyuma ya soko la Gitega, bila kufungua sanduku hata moja. Hapo ndipo tulipoachana.

Barua tatu zimefika hapa gazetini, zote zinaniita mpumbavu. Moja imepigwa mihuri miwili.

Nawajibu. Kwenye kazi ya mabalo, anayekata mkanda ndiye aliyenunua. Huchungulii. Unalinyanyua balo, unaligonga, unatazama mkanda kama ni wa kiwandani, basi. Anayeomba kufunguliwa kabla ya kununua anamwita mwenzake mwizi mbele ya watu. Nimeishi hivyo miaka ishirini na sita.

“Nikufungulie moja uone?” Barnabé aliniuliza siku ile.

“Umeniona mi ni mwanafunzi?”

Nikayanyanyua masanduku moja moja. Yalikuwa mazito. Nikaridhika.

“We iko mufanyabiashara ya kweli, Radjabu,” alisema Barnabé, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Sasa najua kwa nini alifurahi vile.

Ijumaa Riziki alikuwa nyumbani. Alikuja kunifundisha namna ya kutomjua.

“Baba, jumatatu ukifika kule, mi sikujui.”

“Hata mi sikujui.”

“Utaniita mademoiselle.”

“Mademoiselle.”

“Usinikodolee macho hivyo. Mtu humutazami hivyo kama humujui.”

“Nitazame wapi?”

“Tazama masanduku.”

Nikatazama masanduku. Yalikuwa yamepangwa sebuleni, manne juu ya manne. Kadidja, mke wangu, alikuwa anayapangusa vumbi na kanga.

“Na mimi je?” aliuliza. “Mi namujua ao simujui?”

“We hauendi,” nikamwambia.

“Basi mi nabaki kumujua,” alisema Kadidja.

Nikaenda msikitini.

Niliporudi, nyumba ilikuwa imejaa moshi. Sikushtuka. Kadidja hajawahi kuacha mali itoke nyumbani kwangu bila kufukizwa ubani. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Mabalo yangu yote hutoka yakinukia kama bibi harusi, na wateja wanasema ndiyo sababu nguo zangu haziwashi. Alikuwa ameshika chetezo, anazunguka masanduku, anaomba dua kwa sauti ya chini.

“Baba Riziki, pita pembeni, unakatisha moshi.”

Nikapita pembeni. Masanduku yalikuwa yamefungwa vizuri, kwa skochi, utepe wa gundi wa rangi ya udongo. Nikadhani ni skochi ya Barnabé. Sikuuliza.

Aliyenishangaza ni Riziki. Nilimwacha anacheka. Nilimkuta amekaa jikoni juu ya kibao cha kukunia nazi, mikono katikati ya magoti.

“Kula,” nilimwambia.

“Sina njaa.”

“Unaumwa?”

“Baba, hizi mashine zirudishe kwa Barnabé.”

“Kwa nini?”

Akamtazama mama yake kupitia mlangoni. Akatazama chini.

“Hivyo tu.”

“Hivyo tu si sababu.”

“Mwambie umebadili mawazo. Nunua kwa mutu mwengine.”

“Mali ikishaingia nyumbani kwangu hairudi. Nikirudisha leo, kesho soko zima watasema Radjabu ananunua na kutapika. We umesoma, lakini biashara niachie mi.”

“Baba, nakuomba.”

Mwanangu hajaniomba kitu mara mbili tangu alipokuwa na miaka sita. Nilipaswa kukaa chini na kumuuliza. Badala yake nilimwambia aende akaoge, harufu ya moshi itamtoka.

Jumamosi alipanda basi kurudi Mwakiro, ili tusionekane tunafika pamoja. Aliondoka bila kula.

Jumatatu alfajiri nilipakia masanduku kwenye pikapu ya Hamissi, dereva ambaye ameendesha gari maisha yake yote na bado anashangaa likisimama. Tulipita Karuzi. Kabla ya kuingia Muyinga tulikuta kizuizi cha polisi.

Polisi alifunua turubai. Akavuta pumzi. Akavua kofia.

“Poleni, mzee,” alisema. “Munamupeleka wapi?”

“Nani?”

“Marehemu.”

“Hakuna marehemu. Ni kompyuta.”

“Na ubani?”

“Wa kompyuta.”

Akafikiri. Akavaa kofia.

“Zimekufa?”

“Hapana. Zinaenda kuanza kazi.”

“Alors, zipelekeni,” alisema, akafungua kizuizi. Hakuomba hata karatasi. Hamissi alisema hiyo ni bahati. Mimi nilianza kunusa shati langu.

Mwakiro tulifika saa nne. Maabara ni nyumba ndefu nyeupe katikati ya mashamba ya mihogo, na pembeni kuna kuta nne nyeusi zisizo na paa. Hilo ndilo ghala lililoungua. Nililitazama kidogo tu. Mwenye mali mpya hatazami majivu.

Kamati ya kupokea ilikuwa na watu watatu. Mkubwa wao ni Enjenia Joséphine, mama wa makamo aliyekulia Ujiji wakati wa ukimbizi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula. Wengine wawili ni wanaume wa ofisini, mmoja mwenye tai, mmoja mfupi. Walikaa mwisho wa meza na sahani ya karanga katikati yao. Nilipowasalimia, walitikisa vichwa na kuendelea kutafuna.

Riziki aliingia na daftari la ghala. Alivaa sketi nyeusi. Alikuwa amekonda kwa siku mbili.

“Bonjour, monsieur,” aliniambia.

“Bonjour, mademoiselle,” nikasema, nikiyatazama masanduku.

Ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. 

“Tuanze,” alisema Joséphine. Akachukua wembe, akakata skochi ya sanduku la kwanza.

Ubani wa Kadidja ulitoka kama mgeni aliyechoka kusubiri mlangoni. Chumba kizima kilijaa.

Joséphine alirudi nyuma hatua moja.

“Nini hii?”

“Ubani,” nilisema.

“Ubani ninaujua, mzee wangu, nimekulia Ujiji. Nakuuliza umeingiaje ndani ya sanduku lililofungwa.”

“Ubani wa mke wangu unapenya.”

“Karatasi ngumu, nailoni, halafu skochi?”

“Ni mwanamke mwenye dua nzito.”

Mfupi alicheka kidogo. Mwenye tai hakucheka.

“Mzee Radjabu,” alisema Joséphine, “masanduku haya yamefunguliwa?”

“Hayajafunguliwa.”

“Na mtu yeyote?”

“Na mtu yeyote. Mi ni mtu wa mabalo, Enjenia. Balo halifunguliwi kabla ya mwenyewe. Naapa kwa Mungu.”

Niliapa na mkono juu. Niliamini kila neno. Watu wengi hawanielewi hapo, kwa hiyo narudia: niliamini.

“Sawa,” alisema. “Tuiwashe.”

Jenereta ikanguruma nje. Mashine ya kwanza iliunganishwa. Taa ndogo ya kijani ikawaka, kioo kikang'aa, ikatoa sauti tamu. Nilimtazama Riziki kwa kusahau. Yeye alikuwa anatazama ukuta.

Walijaribu ya pili. Ikawaka. Ya tatu, ya nne. Ilipofika ya nane nilikuwa nimekaa na mguu juu ya mguu.

“Zinafanya kazi vizuri sana,” alisema Joséphine.

“Alhamdulillahi,” nilisema. “Tusaini?”

“Bado. Mzee, usikasirike. Tangu mwezi wa saba, kwenye nyumba hii hatupokei kitu kinachonuka moshi bila kukigeuza. Nataka kuona kama plastiki yake imeyeyuka mahali.”

“Geuza,” nilisema. Nilijisikia mkarimu.

Akaigeuza mashine ya kwanza upande wa mgongo. Plastiki ilikuwa safi kama sahani ya sherehe. Alipapasa pembe zote. Kisha kidole chake kikasimama juu ya kibandiko kidogo chenye namba ndefu.

Akaisoma namba hiyo mara mbili.

“Riziki,” alisema bila kuinua kichwa, “niletee orodha ya vitu vilivyoungua.”

Riziki hakusogea.

“Riziki.”

“Ndiyo, Madamu.”

Alitoka. Kabati la mafaili liko chumba cha pili, hatua kumi. Alikaa huko muda wa mtu kufika sokoni na kurudi. Mwenye tai na mfupi waliendelea na karanga. Niliwahesabia maganda kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kutazama.

Riziki alirudi na faili. Alimpa Joséphine kwa mikono miwili, kama anayetoa mchango kwenye msiba.

Joséphine alisoma namba ya kwanza kwenye orodha. Akasoma kibandiko. Akageuza mashine ya pili. Akasoma. Ya tatu. Akaendelea hivyo mpaka ya nane.

Kisha akavua miwani.

“Mzee Radjabu, mashine zako ni nzuri kabisa,” alisema. “Ziliungua tarehe tatu mwezi wa saba.”

Nilidhani sikusikia vizuri.

“Hizi?”

“Hizi hizi. Namba zote nane. Ziliteketea mpaka zikabaki majivu. Imeandikwa hapa.”

“Lakini zinawaka.”

“Nimeona.”

“Kitu kilichoungua hakiwaki.”

“Na mimi nilifundishwa hivyo chuoni,” alisema Joséphine.

Hapo ndipo nilipoelewa kibao cha kukunia nazi, na njaa iliyomkimbia mwanangu, na ‘hivyo tu’. Sikuelewa yote. Nilielewa ya kutosha.

“Ulinunua kwa nani?”

Nikamtaja Barnabé. Nikampigia hapo hapo mbele yao. Mwanamke wa kwenye mtandao akaniambia kwa Kifaransa kwamba mtu huyo hapatikani. Nikarudia. Akanieleza tena, kwa adabu ile ile.

“Sasa sikiliza,” alisema Joséphine. “Mtu fulani alizitoa mashine hizi ghalani kabla ya moto. Halafu mtu fulani akaandika kwamba zilikuwa ndani. Huyu wa pili ninaye, amesaini hapa chini.”

Akaigeuza karatasi upande wangu.

Sikuhitaji kusoma jina. Ile R yenye mkia mrefu niliiona mara ya kwanza kwenye ukuta wa nyumba yangu, imeandikwa kwa mkaa, mwandishi akiwa na miaka sita. Nilimchapa, kisha nikamnunulia daftari.

“Unamjua huyu?” aliuliza Joséphine.

Riziki alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nilitazama masanduku.

“Simjui,” nilisema.

“Humjui kabisa?”

“Nimemuona leo. Ni mademoiselle wa daftari.”

“Nashukuru,” alisema Joséphine, “kwa sababu kama angekuwa mtu wako, ningeelewa hivi: mtoto anaandika kwamba zimeungua, baba anazificha, halafu baba anarudi kutuuzia. Kwa hadithi hiyo wote wawili wangelala Muyinga leo, kwenye chumba kisicho na dirisha. Lakini hamjuani.”

“Hatujuani,” nilisema.

“Hatujuani,” alisema Riziki. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Na hapo simu yangu ikaita.

Ilikuwa juu ya meza, niliiacha hapo baada ya Barnabé kutopatikana. Nilinyoosha mkono. Joséphine alinyoosha wa kwake, na wa kwake ulikuwa karibu zaidi.

“Labda ni huyo Mkongomani,” alisema. “Tumsikie wote.”

Akabonyeza kitufe cha sauti kubwa.

“Baba Riziki!” ilisema simu.

Wasomaji wangu, nilikuwa nimepanga kila kitu. Majina hayafanani. Karatasi imesainiwa. Salamu tulizifanyia mazoezi. Nilisahau kitu kimoja tu: kwa miaka ishirini na saba, tangu binti huyu azaliwe, Kadidja hajawahi kuniita Radjabu. Hata tukigombana. Hata mbele ya kadhi.

“Baba Riziki, iko wapi? Mumefika ao gari imekufa?”

Hakuna aliyejibu. Kadidja hajali kimya. Kwake kimya ni nafasi ya kusema zaidi.

“Ukimuona huyo mutoto wako mwambie akule. Tangu ijumaa hajatia kitu kinywani. Na kingine, sikiliza. Lile sanduku la mwisho nililofungua kutia ubani, nimesahau kisu changu ndani. Kile cha vitunguu. Uwaambie hao wazungu wako wa muhogo wanirudishie. Allo? Baba Riziki? Allo?”

Joséphine alivuta sanduku la nane. Akaingiza mkono pembeni ya nailoni, polepole. Akatoa kisu cha vitunguu chenye mpini uliofungwa kamba nyekundu. Akakiweka mezani, kando ya simu, kando ya orodha.

Kwa pumzi moja mke wangu alikuwa amemaliza uongo nilioutilia saini na kiapo nilichokiamini.

“Allo?” ilisema simu.

“Tutakupigia, mama,” alisema Joséphine, akakata.

Akanitazama mimi. Akamtazama Riziki. Nadhani kwa mara ya kwanza aliiona pua, kwa sababu pua ni moja.

“Mzee,” alisema, “nilianza kukuonea huruma.”

Nilisimama. Sikuwa na mpango. Nilitaka kusema kwamba yote ni mimi, kwamba niliziiba mwenyewe kwa mikono yangu, usiku, na gari la Hamissi. Hamissi angeniua baadaye, lakini hilo lingesubiri. Nilifungua kinywa.

“Baba, kaa,” alisema Riziki.

Aliniita Baba mbele ya kamati nzima. Nikakaa.

“Madamu,” alisema, na sasa sauti yake haikuwa ndogo tena, “baba yangu hajui kitu. Anajua mabalo tu. Ijumaa nilisoma namba, mama alipofungua, nikamwomba azirudishe. Alikataa. Iko mubishi.”

“Kweli,” nilisema.

“Saini ni yangu. Mashine sikuziona zikiungua. Niliambiwa nisaini asubuhi yake, moshi bado unatoka. Niliambiwa nikikataa, moto utakuwa wangu.”

“Uliambiwa na nani?” aliuliza Joséphine.

“Nikisema, nani atanilinda?”

“Sema kwanza.”

“Amekaa kwenye hii meza, Madamu.”

Joséphine hakugeuka. Alichukua kisu cha Kadidja, akakiweka upande wake wa meza, mbali na wengine. Kisha akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni.

Nilitazama mwisho wa meza.

Mwenye tai alikuwa ameacha kutafuna.

Mfupi alivuta sahani karibu yake, akachagua karanga moja, akaanza kuimenya taratibu sana.